Fundi wa Vibano na Saini ya Pili

Fundi aliichukia theluji. Alikuwa ameifanyia kazi zaidi ya miaka kumi, katika lile jumba la barafu lililomo ndani ya duka kubwa hapa Dubai, na kila asubuhi alipousukuma mlango mzito wa kuingilia alisema neno lilelile, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga maji machafu: "Haya, tuingieni friji." Huku nje jua linachoma hata usukani wa gari haushikiki. Kule ndani pumzi inatoka na moshi, na wageni wanalipia raha ya kuona baridi. Yeye alivaa sweta mbili chini ya koti la kazi, na juu ya kofia yake ya Kizanzibari alivaa kofia ya sufu, akaonekana kama mtu aliyebeba kichwa cha pili.

Sikuwahi kumwona akipanda mteremko, hata siku moja. Lakini hakuna aliyeushuka bila miguu yake kupitia kwenye kaunta ya Fundi.

Kazi yetu ilikuwa vibano. Kibano ndicho kinachoshika kiatu kwenye ski, ule ubao mrefu wa kutelezea unaovaliwa kila mguu wake. Kina skrubu na springi. Springi ikikazwa kupita kiasi, mtu akianguka ski haimwachii, na kinachozunguka badala yake ni goti. Ikilegezwa kupita kiasi, ski inachomoka mtu akiwa kwenye mwendo. Namba ya kukazia inatoka kwenye jedwali: uzito, urefu, soli ya kiatu, ujuzi, na umri. Aliyetimiza miaka hamsini anashushiwa daraja moja, kwa sababu mifupa yake haivumilii kama zamani. Kila jozi ya ski ilikuwa na fomu yake, na kila fomu ilitaka saini mbili. Ya kwanza ni ya aliyekaza. Ya pili ni ya aliyekagua. Ya pili ilikuwa ya Fundi.

Nitasema sasa hivi, nisije nikajificha nyuma ya sifa zake. Siku moja niliighushi saini yake. Mtu akaumia, Fundi akaondolewa kazini, na kiti chake nikakikalia mimi. Haya yote ninayoyasimulia nilikuwa nayajua nilipokuwa nimenyamaza.

Alikuwa na imani kwamba kila mteja huja na uwongo wa aina tatu: wa uzito, wa umri na wa ujuzi. Hakuwalaumu. "Mtu kaja na mchumba wake," aliniambia wiki yangu ya kwanza, "wewe unamwuliza mbele yake, una kilo ngapi? Akujibu kweli kwa nini, ana wazimu?" Basi alikuwa ameficha mizani chini ya kipande cha zulia mbele ya kaunta, pale mteja anaposimama kupimwa kiatu. Kioo chake cha kusomea kilikuwa upande wetu, chini ya meza. Mteja alisema sabini, Fundi akaitikia "Mashallah, sabini," na mkono wake ukaandika themanini na nne.

Ujuzi hakuuliza kabisa. Aliuliza, "Mara ya mwisho ulianguka lini?" Anayejua ski hujibu upesi, tena kwa maelezo: mwezi uliopita, bega hili, palikuwa na barafu tupu. Anayejibu kwamba yeye haanguki aliandikwa anayeanza, hata akiwa amekuja na miwani yake mwenyewe ya theluji na koti la rangi tatu.

Umri aliupata kwa maamkizi. Alikuwa na maamkizi marefu ya Unguja, akiyachanganya na Kiarabu cha hapa na Kiingereza cha kazini, akauliza wajukuu wangapi, mkubwa kamaliza shule, na mwenyewe ulimaliza mwaka gani. Wageni walidhani ni ukarimu. Ulikuwa ukarimu kweli, ila pia ulikuwa hesabu ya kutoa.

Mimi nilikuja na elimu ya simu. Sikufundishwa na mtu. Nilipoambiwa kule hosteli nilikofikia kwamba kuna nafasi ya kazi kwenye theluji, nilitazama video usiku na mchana, nikalikariri jedwali lote, na siku ya usaili nikataja namba bila kutazama karatasi. Mimi ni mtu wa Malindi, theluji nilikuwa nimeiona kwenye mlango wa jokofu tu. Nilipopata kazi niliendelea kuogopa. Nilikaza skrubu, nikarudi kuitazama, nikaenda, nikarudi tena. Nikiwa kitandani niliziona zile namba zikishuka ukutani.

Fundi alinitazama siku moja nikirudi mara ya nne kwenye jozi moja.

"Imetoroka?"

"Nini, Fundi?"

"Hiyo skrubu. Naona unailinda."

"Nahakikisha tu."

"Mwanangu, ukiangalia mara nne huangalii tena, unaomba dua. Angalia mara moja, uangalie kweli. Mara ya pili ni yangu mie. Ndiyo maana ya saini mbili. Wewe unataka uwe watu wawili peke yako."

Nilicheka kwa adabu. Jioni ile niliandika maneno yake kwenye daftari langu. Chini ya maneno hayo nikaanza kuiga saini yake, kwa sababu niliipenda: herufi moja iliyojiviringisha kama kitanzi, kisha mkia. Niliiandika ukurasa mzima. Sikuwa na nia yoyote. Ndivyo nilivyojifunza kila kitu maishani, kwa kunakili mpaka kisionekane tofauti.

Maneno yake yalizunguka mle ndani kama fedha ya nchi. Waliojifunza ubao wa theluji, ule ambao miguu yote miwili inafungwa kwenye ubao mmoja, aliwaambia wakianguka wafunge ngumi, maana kiganja kilichokunjuliwa kinavunja kifundo cha mkono. "Anguka kama mgomvi, usianguke kama ombaomba." Waliotaka kwenda juu moja kwa moja aliwaambia, "Jifunze kusimama. Kwenda hakufundishwi, mteremko utakupeleka mwenyewe." Na kwa wale vijana wa kasi alikuwa na kanuni moja, akiitamka akiwa anawafunga mkanda wa helmeti chini ya kidevu: "Aliye mbele hana macho kisogoni. Wewe wa nyuma ndiye mwenye macho. Ukimgonga, usiniambie alisimama vibaya."

Wasswa, Mganda aliyekuwa mlinzi wa mteremko, alimtania kila siku. "Fundi, wewe unafundisha watu kuanguka, lakini wewe mwenyewe hujaanguka hata siku moja. Kwa sheria yako wewe ni beginner."

"Mie nimeanguka sana," Fundi alijibu. "Ila si kwenye barafu. Mie naangukia mahali pa watu wazima."

"Kesho nakupandisha kwenye viti."

"Kesho utazikwa wewe."

Aliogopa viti vya kupandia, vile vinavyoning'inia kwenye waya na kupeleka watu juu ya mteremko. Alituambia ni maumivu ya maungo, lakini niliwahi kumwona akivitazama vikipita juu, miguu ya watu ikining'inia, akageuza uso. Na huyu mtu aliyekataa kumpa ski mteja asiye na helmeti, hata awe nani, alikuwa akirudi kwake mtaa wa Deira juu ya pikipiki ya jirani yake anayepeleka vyakula, kichwani kofia ya kitambaa peke yake. Nilimwuliza. Akasema barabara anaijua. Nikamwambia kila mteja anasema hivyo kuhusu mteremko. Akasema, "Funga mdomo, fungua duka." Siku iliyofuata alikuja tena bila helmeti.

Hakuwa mtu mwepesi. Alinuna mtu akigusa kikombe chake. Alikaa siku tatu bila kusema na Wasswa kwa sababu ya mchezo wa karata, na katika karata zenyewe alikuwa akiiba, sote tukijua. Wateja wenye adabu mbovu aliwapa viatu vilivyokuwa bado na unyevu. Nayasema haya kwa sababu baada ya kuondoka watu walimfanya kuwa walii, na mimi niliwasaidia. Ni rahisi kumsifu mtu uliyemdhulumu. Kila sifa ni kama umemrudishia kitu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, wakati wa alasiri. Alikuja mzee mmoja wa Mombasa mwenye duka la vitambaa Deira. Sisi watu wa pwani sote tunamjua, kwa sababu ndiye anayeitwa pale mmoja wetu anapofia huku. Yeye ndiye anayekwenda hospitali, yeye ndiye anayetafuta karatasi na ndege ya kumrudisha maiti nyumbani. Alikuja na wajukuu watatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe hata huku kwenye barafu tuna mtoto wetu." Akawageukia wajukuu. "Mnaona? Babu hakosi mtu."

"Babu anajua ski?" mjukuu mmoja aliniuliza mimi, si yeye.

"Niliteleza Uturuki," mzee alisema. "Mlima mzima. Hiki ni kichuguu."

Wajukuu wakacheka. Fomu ilikuwa mbele yangu. Nilipaswa kumwuliza alianguka lini. Nilipaswa kumsogeza kwenye zulia. Alikuwa amesimama pembeni yake, ameshika kaunta, na sikuweza kumwambia baba mtu mzima kama yule, sogea huku. Uzito nikaukadiria. Kwenye ujuzi nikaandika wa kati, kwa heshima ya Uturuki. Nilipofika kwenye umri mkono ukasimama. Nyumbani kwetu humwulizi mzee umri wake mbele ya wajukuu. Ni kama kumwuliza amebakiza muda gani. Nilizitazama ndevu zake zilizotiwa hina, nikaandika arobaini na minane.

Nilijua mstari uko hamsini. Ndicho kitu ambacho siwezi kukizunguka. Jedwali lilikuwa kichwani mwangu lote. Nilimweka upande wa pili wa mstari kama ambavyo ningemwekea mto mgongoni, na springi nikaikaza kwa namba ya mtu ambaye hakuwepo.

Fundi alikuwa amekwenda kuswali. Haichukui hata robo saa. Mzee alikuwa amesimama ndani ya vile viatu vizito, magoti yamekunjwa, akihema kidogo, wajukuu wakimvuta koti. Nikaona aibu kumwambia asubiri. Nikaweka saini yangu, kisha nikaweka ya Fundi. Ilitoka vizuri.

Alianguka kwenye kona ya chini, mwendo wa polepole. Wasswa ndiye aliyemfikia. Alituambia baadaye kwamba ski haikutoka. Mzee alizunguka, ski ikabaki ilipokuwa, na goti likatoa sauti. Nilisikia habari hiyo nikiwa nimeshika bisibisi. Vidole vyangu vilikuwa na ganzi kama siku zote, na ile ganzi ikapanda, ikafika kwenye viwiko, ikaendelea. Nilimhudumia mteja aliyefuata. Nilimpatia namba sahihi.

Siku mbili baadaye Fundi aliitwa kwenye chumba cha ofisi. Mlango ulikuwa wazi nusu. Mimi nilikuwa nje, nikisubiri kama nitaitwa. Bosi, yule tunayemwita sir, aliweka fomu mezani akamwuliza kama saini ya pili ni yake. Fundi aliichukua karatasi. Aliisogeza karibu na uso, akaigeuza kidogo kwenye mwanga, kama alivyokuwa akitazama skrubu.

"Yangu," alisema.

"Na umri hukuuona?"

"Sikuuona."

"Khalas, imekwisha," bosi alisema. Hakusema kwa ubaya. Mkataba wa Fundi ulikuwa unakaribia kwisha, na haukuandikwa tena. Alipotoka alinipita pale mlangoni, akasema, "Kafungue, wateja wamejaa." Ndiyo hayo tu. Mwisho wa wiki ile aliondoka.

Ningeweza kuingia ofisini siku hiyo, au siku iliyofuata. Nilijiambia ninasubiri nipate maneno yaliyo sawa. Niliyaandika, nikayafuta, nikayaandika upya, kwa sababu yalikuwa na makosa. Wakati huo nikapandishwa, nikakaa kwenye kiti chake, nikaanza kuweka saini ya pili kwa jina langu. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa nakula, nalala, napigia nyumbani simu. Mtu akiniuliza hali nilisema nzuri, na sikuwa nadanganya. Sikuwa na hali yoyote.

Ilipita kama miezi minane. Wasswa akaniambia, "Yule Fundi wako yuko Deira, anafunga mabox kwa watu wa kago. Anazeeka sasa. Nenda umwone." Nilikwenda siku yangu ya mapumziko, asubuhi, kwa metro, maneno yangu yakiwa kichwani yote, yamenyooka.

Nilimkuta amepiga magoti juu ya boksi la vyombo, mbele ya duka la wakala anayesafirisha mizigo ya Zanzibar na Mombasa. Amevaa kanzu, hana sweta. Nilikuwa sijawahi kuiona mikono yake mitupu mpaka kwenye viwiko. Ilikuwa myembamba.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Shika ncha hii."

Nikashika kamba. Akazungusha. Nikaanza kusema nilivyokuwa nimepanga, na nikasema mpaka mwisho: fomu, umri, saini, daftari. Hakusimamisha kazi. Nilipomaliza alikata kamba kwa meno.

"Mwanangu, mie saini yangu naijua. Ile yako nzuri kuliko yangu. Mie ule mkia huwa naukata njiani, nina haraka. Wewe uliumaliza."

"Sasa kwa nini ulisema ni yako?"

"Ningesema nini? Si yangu? Wangeniuliza, ulikuwa wapi? Nasali. Kaunta ulimwachia nani? Wewe. Wangekutoa wewe, kisha wangenitoa na mie kwa kukuacha peke yako. Nikapiga hesabu, nikaona bora mmoja." Alivuta boksi jingine. "Usinifanye mtu mwema. Nilikuwa nimechoka na friji."

"Nisamehe, Fundi."

"Bado."

Alinipa ncha nyingine ya kamba, nikaishika.

"Kesho nitakwenda ofisini niwaambie."

"Kawaambie. Hilo ni lako na wao. Lakini goti si la ofisi. Umekwenda kumtazama mzee?"

Nikaivuta ile ncha ya kamba ikakaza.

"Nakuuliza."

"Sijaenda."

"Tangu siku ile?"

"Niliona aibu."

"Aibu yako ndiyo iliyomlaza," alisema, bila kupandisha sauti. Akafunga fundo, akalijaribu kwa kidole. "Mie naenda kila Ijumaa tukitoka msikitini. Anakaa hapo nyuma, mtaa wa pili. Ananisimulia Uturuki. Hakuteleza popote yule, alibadilisha ndege tu, alinambia mwenyewe. Tunacheka."

"Anajua ilivyokuwa?"

"Anajua kibano kilikazwa. Anadhani mie ndiye niliyekagua." Ndipo aliponitazama, mara ya kwanza tangu nifike. "Kila Ijumaa ananishika mkono, ananambia, Fundi, nimekusamehe. Nami nasema ahsante, mzee. Kila Ijumaa. Mwanangu, nimechoka kupokea kitu kisicho changu."

Gari la mizigo lilisimama, mwenye duka akamwita. Fundi akamjibu kwa Kiarabu kwamba atarudi baada ya dakika tano, akaniashiria nimfuate. Tulipita uchochoro wenye maduka ya mabegi. Alitembea mbele, mimi nyuma. Kwenye mlango wa jengo moja la ghorofa nne alisimama. Akasema ghorofa ya pili, kushoto. Akasema nisichukue matunda wala halua, mzee ana sukari. Nikamwomba tupande pamoja.

"La," alisema. "Mie zamu yangu Ijumaa."

Akageuka akarudi kwenye maboksi yake. Sikumwona tena kwa muda mrefu.

Nilipanda ngazi. Yale maneno niliyoyakariri yalikuwa yamekwisha, nilikuwa nimeyatumia yote kule chini. Nikabisha hodi. Ndani sauti ya mzee ikasema, "Karibu, naja mwenyewe, hakuna mtu nyumbani." Nikasikia kiti kikisogea. Nikasikia fimbo, kisha mguu ukikanyaga, kisha mguu mwingine ukiburutwa sakafuni. Fimbo, mguu, mburuto. Ilichukua muda mrefu kuufikia mlango, na muda wote huo nilikuwa nimesimama pale, nikisikiliza kila hatua.